Mizuka Katika Picha

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililowatia watu wengi hofu, na wengine likawatia faraja, nalo ni habari ya picha zisemwazo kuwa zimenasa watu waliokwisha kufa. Hapana shaka miongoni mwenu wamo waliopata kuona picha ya namna hiyo. Watu wamesimama mbele ya nyumba, na nyuma yao pana umbo jeupe, lenye uso usio wazi, ambalo hakuna aliyeliona wakati picha ilipopigwa. Mmoja husema, "Huyu ni marehemu bibi," na mwingine husema, "La, huyu ni pepo," na kabla ya jua kutua mtaa mzima una habari.

Hatutasema lolote hapa juu ya roho za wafu na mahali zilipo. Hilo ni jambo la dini, nayo ina walimu wake. Sisi twasema juu ya picha tu. Picha ni kazi ya mikono, kama mkeka au jahazi, na kila kazi ya mikono yaweza kuchunguzwa jinsi ilivyofanywa.

Basi na tuanze mwanzo wa ufundi huu. Mwaka 1839 ilitangazwa huko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kwamba Louis Daguerre amepata njia ya kuufanya mwanga wenyewe uchore picha juu ya bamba lililopakwa fedha. Mwaka uliotangulia, yaani 1838, Daguerre alikuwa ameelekeza kamera yake dirishani, akapiga picha ya barabara iitwayo Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na watu wengi mchana kutwa, na magari ya farasi yakipita huku na huku. Lakini picha ilipokuwa tayari, barabara ilikuwa tupu! Nyumba zaonekana, miti yaonekana, hata madirisha yahesabika, watu hakuna. Yupo mmoja tu penye pembe ya njia, amesimama huku anasafishwa viatu.

Walikwenda wapi wale wengine? Hawakwenda popote. Dawa ya siku zile ilikuwa nzito wa kufanya kazi, na bamba lilihitaji kutazama barabara kwa dakika kadhaa ndipo lishike picha. Aliyepita kwa miguu au kwa gari hakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Aliyekuwa akisafishwa viatu alitulia, akaandikwa. Watu wasema kwamba yeye ndiye mwanadamu wa kwanza kuonekana katika picha, na jina lake hakuna alijuaye.

Sasa fikirini kidogo. Ikiwa anayetulia huandikwa, na anayepita haandikwi, je, mtu akitulia nusu ya muda kisha akaondoka? Huyo ataandikwa nusu. Umbo lake litakuwapo, lakini ukuta ulio nyuma yake utaonekana kupitia kifua chake, kwa kuwa baada ya yeye kuondoka bamba liliendelea kuutazama ukuta. Hapo mmekwisha kupata mzuka, wala hakufa mtu.

Mafundi wa zamani waliligundua jambo hili mapema, nao hawakulificha. Mwaka 1856 mtaalamu wa mwanga wa Uskoti, jina lake David Brewster, aliandika waziwazi jinsi ya kulifanya kwa ajili ya kujifurahisha: watu wakae kama kawaida mbele ya kamera, na mwenzao aliyevikwa nguo nyeupe aingie kati yao kwa muda mfupi, kisha atoke upesi. Kampuni moja ya London ikatengeneza picha za namna hiyo na kuziuza, na watu wakazinunua ili wacheke baada ya chakula cha jioni. Kumbukeni neno hili. Hila ilikuwa imekwisha kuchapwa kitabuni na kuuzwa dukani kabla hajatokea mtu wa kwanza aliyedai kwamba amewapiga picha wafu wa kweli.

Mtu huyo alikuwa William Mumler, wa mji wa Boston huko Marekani. Kazi yake ilikuwa kuchora nakshi juu ya vyombo vya thamani, na upigaji picha ulikuwa mchezo wake wa saa za mapumziko. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alijipiga picha mwenyewe, na alipoisafisha kwa dawa akaona kando yake umbo la msichana. Alisema kwamba ni binti wa jamaa yake aliyekufa miaka kumi na miwili nyuma. Hapo kwanza wenye ujuzi walimwambia, na yeye mwenyewe akakubali, kwamba pengine kioo hakikusafishwa vema.

Hatuna budi kueleza maana ya maneno hayo, kwa kuwa ndani yake umo mzizi wa habari yote. Tangu mwaka 1851 mafundi walikuwa wametupa mabamba ya fedha, wakawa wanapiga picha juu ya vioo vilivyopakwa dawa ya maji. Kioo kilikuwa na gharama. Picha iliyoharibika ilifutwa, kioo kikaoshwa, kikapakwa dawa upya na kutumika tena. Ninyi wanafunzi mlioandika juu ya vibao vya mawe mwajua jinsi ilivyo: kibao kikifutwa kwa haraka, hesabu za leo huandikwa juu ya kivuli cha hesabu za jana. Vivyo hivyo kioo kisichooshwa vema kiliweza kurudisha sura ya mtu wa zamani, hafifu, nyuma ya mtu mpya. Na ikiwa jambo hilo laweza kutokea kwa bahati mbaya, laweza pia kufanywa kwa kusudi.

Mumler hakudumu na maelezo yale ya kioo kichafu. Huko Marekani palikuwa na watu wengi walioamini kwamba wafu husema na walio hai, nao waliipokea picha ile kwa furaha kubwa. Akaacha kazi yake ya nakshi, akawa mpiga picha wa mizuka. Kumbukeni pia majira yenyewe. Mwaka 1861 vilianza vita vya Wamarekani wao kwa wao, vikaendelea hata 1865, na vikaua watu zaidi ya laki sita. Kila kijiji kilikuwa na mama aliyempoteza mwana, na wengi wao hawakuuona mwili wala kaburi. Mama wa namna hiyo akisikia kwamba mjini Boston yuko mtu awezaye kumwonyesha uso wa mwanawe, atakwenda. Hata bei iwe mara nyingi zaidi ya picha ya kawaida, atakwenda. Na Mumler alitoza dola kumi, fedha nyingi sana kwa siku zile.

Mashaka yalianza kwa waaminio wenyewe. Mwaka 1863 mganga mmoja wa Boston, Gardner kwa jina, ambaye hapo kwanza alimsifu Mumler, aligundua kwamba mzuka mmoja katika picha zake ni mtu aliye hai, mkazi wa mji ule ule, ambaye zamani alikwenda kwa Mumler kupigwa picha yake. Ilikuwa aibu kubwa. Baada ya hayo biashara ya Boston ikapungua, na miaka michache baadaye Mumler akahamia New York.

Huko New York mwandishi wa gazeti akapeleka malalamiko kwa mkuu wa mji. Akatumwa afisa mmoja, akaenda kwa jina la uongo kama mteja, akapigwa picha, akaambiwa kwamba mzuka ulio nyuma yake ni baba wa mkewe. Afisa akasema kwamba uso ule haufanani na wa mkwewe hata kidogo. Mumler akakamatwa, na mwezi wa Aprili 1869 kesi ikaanza. Magazeti hayakuwa na habari nyingine.

Kesi hiyo yafaa kusomwa na kila mtu apendaye kujua jinsi ushahidi unavyopimwa. Upande wa mashtaka ulieleza njia nyingi ambazo mzuka waweza kutiwa katika picha: kioo chenye sura ya zamani, kioo cha pili kilichofichwa ndani ya kamera, mtu anayeingia kimya nyuma ya mteja aliyekatazwa kugeuka, na nyinginezo. Aliitwa P. T. Barnum, bwana wa maonyesho, mtu aliyejua hila za kila namna kwa kuwa yeye mwenyewe aliishi kwazo. Mpiga picha Abraham Bogardus akatengeneza picha ya Barnum akiwa na mzuka wa Rais Lincoln nyuma yake, akaileta mbele ya hakimu, akasema wazi kwamba ni kazi ya ufundi tu.

Lakini upande wa Mumler nao ulileta mashahidi, na hawakuwa wajinga. Mpiga picha mashuhuri Jeremiah Gurney alisema kwamba alimtazama Mumler akifanya kazi tangu mwanzo hata mwisho, asione hila. Wengine wakaapa kwamba wamewatambua ndugu zao. Mwisho, mwezi wa Mei, hakimu akasema kwamba moyoni mwake anaona huenda udanganyifu umetendeka, walakini mashtaka hayakuonyesha ni kwa njia ipi kati ya zile nyingi. Akamwachilia. Sisi twaona hakimu alitenda sawa. Kusema "yaweza kufanywa hivi au vile" si sawa na kusema "alifanya hivi." Watu wengi husahau tofauti hiyo, hata wale wanaopinga ushirikina.

Mumler akarudi Boston akiwa na madeni. Yapata mwaka 1872 alipiga picha ijulikanayo kupita zake zote. Ni picha ya Mary Lincoln, mjane wa yule Rais aliyeuawa mwaka 1865. Mama amekaa katika nguo nyeusi, na nyuma yake pana sura hafifu ya mumewe, mikono juu ya mabega yake. Mumler asimulia kwamba mama huyo alikuja na uso umefunikwa, kwa jina lisilo lake, na kwamba hakumjua. Labda. Ila picha za Lincoln zilikuwa katika kila nyumba ya Marekani, na fundi hakuhitaji kusumbuka kuutafuta uso wake. Mama yule alikuwa amezika mume na wana watatu. Mumler alikufa mwaka 1884, na hata leo hakuna aonyeshaye kwa hakika ni hila ipi aliyoitumia.

Wa Paris alikamatwa vizuri zaidi. Jina lake Édouard Buguet. Mwaka 1875 polisi walimwendea kama wateja, wakamkamata kazini, na nyumbani mwake wakakuta wanasesere wa kuvikwa shashi nyeupe, na vichwa vingi vilivyokatwa katika picha na kubandikwa juu ya karatasi ngumu. Buguet hakubisha. Alisema: kwanza nampiga picha mwanasesere aliyevikwa shashi, kisha juu ya kioo kile kile nampiga picha mteja. Wateja walipokuwa wakingoja chumba cha mbele, wasaidizi wake walizungumza nao kwa upole, wakiwauliza habari za marehemu, alikuwa mzee au kijana, alikuwa na ndevu au hakuwa nazo. Na Buguet akachagua kichwa kinachofaa.

Na hapa, wasikilizaji, ndipo tunapotaka mtulie kidogo. Mashahidi waliitwa mahakamani mmoja mmoja. Walikuwa watu wa heshima. Wakaonyeshwa mwanasesere, wakaonyeshwa vichwa vya karatasi. Buguet amesimama pale akisema, "Nilidanganya." Na wengi wao wakakataa! Wakasema, "La, picha yangu mimi ni ya kweli." Mfanyabiashara mmoja wa picha alisema kwamba amemwona mke wake katika picha ile, na kwamba alipowaonyesha watoto, nao walisema kwamba huyo ni mama. Buguet alipoulizwa akajibu kwamba imetokea kwa bahati tu. Mahakama ikamhukumu kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 500. Lakini yule mtu na watoto wake hatuna habari kwamba waliitupa picha ile, nasi hatuwezi kuwacheka.

Kwa nini mtu huona uso wa mkewe katika kichwa cha karatasi? Akili ya mwanadamu imeumbwa kutafuta nyuso. Mtoto mchanga huutazama uso kabla ya kitu kingine. Mtu mzima huona uso katika wingu, katika ukuta wenye madoa ya mvua, na katika mwezi mpevu. Uso ukiwa hafifu, akili hujaza palipopungua, na mwenye huzuni hujaza kwa uso anaoutamani. Ndiyo sababu mizuka ya picha karibu yote haionekani wazi. Fundi mwerevu hamalizi kazi. Humwachia mteja aimalize.

Msidhani kwamba kila mzuka wa picha ni udanganyifu. Mwaka 1891, tarehe 5 Desemba, bibi mmoja wa Kiingereza, Sybell Corbet, alipiga picha ya chumba cha vitabu katika nyumba kubwa ya Combermere Abbey. Alitaka kuonyesha chumba tu. Picha ilipotoka, juu ya kiti kimoja palionekana kichwa na mkono wa mtu mzee, hafifu, bila miguu. Mwenye nyumba, Lord Combermere, alikuwa amekufa baada ya kugongwa na gari la farasi London, na siku ile, wakati ule, alikuwa akizikwa maili chache kutoka pale. Hebu fikirini jinsi watu wa nyumba walivyotetemeka!

Lakini kioo cha kamera kiliachwa wazi kwa muda wa saa nzima, kwa kuwa chumba kilikuwa na giza, na bibi hakukaa humo muda wote. Mtaalamu William Barrett, ambaye mwenyewe aliamini kwamba mambo ya roho yastahili kuchunguzwa, alijaribu jambo hilo kwa kamera: mtu aingie, aketi kidogo, ageuze kichwa, abadilishe miguu, kisha atoke. Picha yake ikafanana na ile ya Combermere. Miguu iliyochezacheza haikuandikwa; kichwa kilichotulia kikaandikwa nusu. Kwa hiyo yawezekana mtumishi mmoja, aliyechoka kwa pilikapilika za mazishi, aliingia chumba kisicho na mtu, akakaa katika kiti cha bwana, akaondoka. Ni yale yale ya barabara ya Daguerre. Hakuna aliyesema uongo, na picha pia haikusema uongo.

Vita Vikuu vya 1914 hata 1918 vilirudisha biashara ya mizuka kwa nguvu, kama vile vya Marekani vilivyoianzisha. Huko Crewe, Uingereza, alikuwako seremala jina lake William Hope, aliyekuwa akipiga picha za wafu tangu mwaka 1905. Waliomwendea walikuwa wengi. Mwezi wa Februari 1922 Harry Price, mchunguzi wa mambo hayo, alimletea vioo vipya ambavyo kiwanda kilikuwa kimevitia alama ya siri ya simba kwa miali ya eksirei, alama isiyoonekana mpaka kioo kisafishwe kwa dawa. Hope akavipokea, akaingia chumba cha giza, akapiga picha, na mzuka ukatokea. Lakini vioo vyenye picha havikuwa na simba. Maana yake alikuwa amevibadilisha kwa vioo vyake.

Mngedhani Hope alikwisha. Haikuwa hivyo. Alitetewa kwa kitabu kizima na Arthur Conan Doyle, mtunga hadithi za Sherlock Holmes, yule mpelelezi asiyedanganyika. Doyle alikuwa amefiwa na mwanawe Kingsley mwaka 1918. Hope aliendelea na kazi yake hata alipokufa mwaka 1933.

Jambo moja la siku hizo latuhusu sisi Waafrika kidogo. Bibi Ada Deane alikuwa na desturi ya kupiga picha kila tarehe 11 Novemba, London, wakati umati unaponyamaza dakika mbili kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Katika picha yake ya mwaka 1924 juu ya umati palikuwa na nyuso nyingi zinaelea kama katika wingu, naye akasema ndio askari wenyewe. Gazeti la Daily Sketch likaichapa. Kisha likazichunguza nyuso zile, likaona kwamba baadhi yake ni za wachezaji mashuhuri walio hai, ambao picha zao zilikwisha kutoka magazetini. Mmoja alikuwa Battling Siki, bondia mzaliwa wa Senegal, ambaye mwaka 1922 alimpiga Georges Carpentier huko Paris na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wake. Siki alipigana kweli katika Vita Vikuu, upande wa Ufaransa. Ila hakufa humo, na siku ile ya Novemba 1924 alikuwa mzima kabisa.

Vioo vya dawa vimekwisha, na filamu nazo zimekuwa adimu, lakini mizuka haikukoma. Imebadili mavazi tu. Kamera ndogo za siku hizi zina taa iliyo karibu sana na jicho la kamera. Taa ikimulika vumbi au matone ya mvua yaliyo karibu, kila punje huwa mviringo mweupe unaoelea, na wako wasemao kwamba hizo ni roho. Pumzi ya mtu wakati wa baridi hutoka kama moshi. Kamba ya kamera ikianguka mbele ya jicho huwa nguzo ya mwanga. Simu inayounganisha picha nyingi kuwa moja ndefu, mtu akitembea, humkata akabaki nusu au humpa mkono wa tatu. Apigaye picha kupitia kioo cha dirisha hupata pia waliosimama nyuma yake.

Tumesimulia habari za mbali. Na tusimulie moja ya karibu, iliyotupata tulipokuwa bado wapya katika kazi ya ualimu, wakati wa kamera za filamu.

Alikufa mzee mmoja katika kijiji jirani na shule yetu, akaacha mjane, mke wake wa pili. Mke wa kwanza alikuwa amefariki miaka mingi kabla. Siku ya mazishi alikuwako mpiga picha wa kupita. Baada ya majuma mawili alileta picha, na katika picha ya kaburini, juu kidogo ya mahali alipoinama yule mjane, palionekana mwanamke mwenye vazi jeupe tangu kichwani hata miguuni, na miti inaonekana kupitia mwili wake. Uso haukuwa wazi. Watu wakasema, "Mke mkubwa amekuja. Amekuja kumwonyesha aliyewaua wote wawili." Jumapili iliyofuata mjane alikuta mlango wake umetiwa matope. Siku ya Jumanne shemeji zake walimwambia afungashe mizigo. Binti yake alikuwa mwanafunzi wetu. Alituletea picha ndani ya daftari, asiseme neno.

Tuliitazama usiku kucha kwa taa ya chemli. Kusema kweli, mara ya kwanza mwili ulitusisimka. Asubuhi tukapanda baiskeli kumtafuta mpiga picha, tukamwomba atuonyeshe filamu nzima, si picha moja ile. Alisita, kisha akaitoa. Tukaishika mbele ya dirisha. Kila mahali penye picha palikuwa na picha mbili, moja juu ya nyingine, tangu mwanzo wa filamu hata mwisho. Waombolezaji walikuwa na keki miguuni. Jeneza lilipita katikati ya wapiga ngoma. Mtu wetu alikuwa ametia kamerani filamu iliyokwisha kutumika katika arusi ya juma lililotangulia, akaipiga tena toka mwanzo. Picha nyingine zote alizificha kwa kuwa zimeharibika. Ile moja aliileta kwa sababu aliona yafaa kuuzwa. Mwanamke mwenye vazi jeupe alikuwa bi arusi, na shela yake.

Tulimchukua mpiga picha na filamu yake mpaka kwa mzee wa kijiji. Shemeji mkubwa aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba mvua zi karibu, na shamba la marehemu halijalimwa, na mjane na aendelee kulilima. Bado yuko katika nyumba ile.

Bi arusi naye tulimwendea, kwa kuwa ilikuwa haki yake kujua. Alikuwa akitwanga uani. Alifurahi kuona wageni, akatuuliza kama tumeleta picha zake, maana alikwisha zilipia na hakupewa hata moja. Tukamwonyesha filamu. Aliipitisha vidoleni polepole, akitafuta mahali ambapo hapana kaburi, asipaone.